Shati la Ghorofa ya Nne

Kampuni ya nyumba ilinituma Ruwi
kwa ujumbe mfupi, kama wa mtu aliyenuna:
jengo zima, asubuhi, mbingu safi,
asionekane mtu, isionekane nguo.

Nilifika jua likiwa bado nyuma ya mlima.
Nikapanda paa la duka la matairi,
nikaungoja ule mwanga wa dakika kumi
unaoifanya saruji iliyochakaa
ifanane na mkate uliotoka tanuri sasa hivi.
Ghorofa saba. Viyoyozi sitini na vitatu, nilivihesabu,
kila kimoja kikidondosha tone lake
kwenye roshani ya jirani wa chini.
Na ghorofa ya nne, kambani, shati moja la samawati,
mikono ikining'inia
kama ya mtu aliyechoka kuulizwa.

Nyumbani nikalifuta.
Si kazi: unachota kipande cha ukuta wa pembeni,
unakibandika juu yake, basi.
Kampuni ikalipa, tena bila ya kukumbushwa.

Ijumaa huendesha mpaka Ibra, sijatumwa na mtu.
Baada ya sala na wali, mji hulala kabisa.
Vichochoro vya udongo vimebaki na joto lao
na paka mmoja chini ya pikapu.
Kuna mlango pale ninaoupenda:
misumari ya shaba, nakshi zimeliwa na mchwa,
umesimama wima katika fremu yake,
na nyuma yake hakuna nyumba.
Kifusi, mbigili, chupa ya maji.
Lakini kufuli ni jipya. Limetiwa mafuta.

Mtoto wa baiskeli akasimama.
"Hapo hamna kitu."
"Najua."
"Sasa unapiga nini?"
Sikuwa na jibu la kumtosha,
naye, kwa adabu za kwao,
akaikokota baiskeli mpaka ukutani,
akajibana, asiniharibie picha.

Mwezi ukapita. Jengo likawekwa kwenye bango
kwenye mzunguko wa barabara, kubwa kuliko lilivyo.
Akaja mtu studio, kofia ya kazi mkononi,
Kiarabu chake cha kuokoteza kama changu cha utotoni,
siku tulipohamia hapa na Kiswahili chetu mdomoni.
Jina lake Shafiqul.
Akanionyesha bango kwenye simu, akalivuta kwa vidole viwili.
"Dirisha hili, mimi."
Akavuta tena.
"Kamba ipo. Shati hapana."

Kamba! Nilisahau kufuta kamba.
Imekaa pale mwezi mzima, juu ya magari yote ya Maskati,
imejipinda katikati
kwa uzito wa kitu kisichokuwepo.

Nikaitafuta picha ya kwanza, ambayo sijaigusa.
Tukaikuza wote wawili, mabega yakigusana,
na pale, kati ya mkono wa shati na ubao wa dirisha,
vidole vinne.
Alikuwa nyuma yake. Alikuwa analigusa kama limekauka.

Anataka kumpelekea binti yake, akasema,
ajue baba yake anakaa wapi.
Nikaichapa kwenye karatasi nzito.
Viyoyozi vyote, madoa ya maji, madishi, shati.
Aliitazama muda mrefu, akaipuliza, ingawa ilikuwa kavu.
Fedha yake nikaikataa.
Aliondoka, nikakuta nusu riali mezani,
kaibana kwa kifuniko cha lenzi
isije ikapeperushwa na kiyoyozi.

Ijumaa iliyofuata, Ibra, saa ile ile ya usingizi,
nilimkuta yule mtoto, tayari anajibana ukutani.
Nikamwambia: njoo. Pita hapa katikati.
Akanitazama kama niliyepigwa na jua.
Kisha akapita mbele ya mlango,
mara moja, mara mbili, mara ya tatu,
kila mara polepole zaidi,
akijifanya hanioni.